Kabla Hujawapa Waimbaji "Hello, Dolly!": Namna ya Kuzisikiliza Rekodi Zake

Kila kikundi cha Nairobi kinachopanga jioni ya nyimbo za jukwaani, haipiti muda kabla mtu hajasema, "Tuweke na Hello, Dolly!" Wote wanakubali kwa sababu kila mmoja anaamini anaujua. Ukikaa kwenye kinanda ndipo mambo yanapojitokeza: soprano (sauti ya juu ya wanawake) anaujua ule wa Barbra Streisand wa kwenye filamu, kijana wa tena (sauti ya juu ya wanaume) anaujua ule wa Louis Armstrong, mpiga tarumbeta na mwimbaji wa jazi, na kuna mama wa alto (sauti ya chini ya wanawake) aliyeuzoea redioni zamani, hajui ni wa nani. Mnaanza pamoja, mnamaliza kila mtu na lake. Mimi hupigia vikundi vya namna hii kinanda, kuanzia kumbi za makanisa Buruburu hadi Kenya National Theatre, na ninakuomba mwalimu mwenzangu: usigawe karatasi za maneno kabla hujazipitia rekodi mwenyewe.

Kwanza ujue nani anamsalimu nani. Wimbo unatoka kwenye tamthilia ya muziki yenye jina hilohilo, iliyofunguliwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za maonyesho za New York, Januari 1964, nyimbo zikiwa za Jerry Herman. Dolly Levi ni mjane anayeishi kwa kuwatafutia watu wachumba, na katika sehemu ya pili anarudi kwenye mkahawa wa Harmonia Gardens jijini New York, mahali alipokuwa akienda enzi za marehemu mumewe. Anashuka ngazi. Yeye ndiye anayeanza kuimba, akiwasalimu wahudumu mmoja mmoja kwa majina, kisha wahudumu wanamjibu. Yale maneno maarufu ambayo kila mtu anayajua ni ya wahudumu, kundi zima la wanaume. Kwa hiyo huu si wimbo wa mtu mmoja kujisifu. Ni maamkizi ya pande mbili, na ukilishika hilo rekodi zote zitakufungukia.

Tafuta rekodi ya waigizaji wa kwanza, Carol Channing akiwa Dolly. Isikilize mwanzo hadi mwisho bila kushika kalamu. Watu wengi wakiisikia mara ya kwanza hushtuka, kwa sababu sauti ya Channing ni nzito na ya chini, ina mikwaruzo, wala haina ulaini waliouzoea kanisani. Hiyo ni habari njema kwako. Maana yake sehemu ya Dolly haihitaji soprano wa kupaa. Inahitaji mwanamke anayeweza kusimama mbele ya watu na kuwafanya wote wajione wamekumbukwa. Kwenye vikundi vyetu mtu huyo mara nyingi amekaa safu ya alto, nyuma, na hakuna aliyewahi kumpa sehemu ya peke yake.

Sasa rudia, safari hii ukiwa na daftari. Andika mambo manne tu: ufunguo gani (yaani noti ambayo wimbo umejengwa juu yake), kasi gani, nani anaanza, na ni wapi ufunguo unapanda. Ufunguo ambao wimbo unaishia mara nyingi utaupata ukingoja noti ya mwisho kabisa, uivumishe mdomoni, kisha uitafute kwenye kinanda. Kasi utaipata ukihesabu mapigo kwa sekunde 15 kwenye saa ya simu, ukizidisha mara nne. Toleo la jukwaani halikai na kasi moja: linaanza kwa mwendo wa madaha, halafu linajengeka wahudumu wanapoingia. Pima zaidi ya mahali pamoja.

Hapa nikuonye kuhusu ufunguo. Kama unasikiliza sahani ya santuri, zile unazochambua kwa vumbi pale Kenyatta Market, mashine ikizunguka kasi kidogo sauti yote hupanda, na wimbo unaweza kuhama kwa nusu sauti nzima. Video za mtandaoni nazo zina ugonjwa huohuo, kwa kuwa baadhi ya wanaozipandisha huzichezea kasi. Linganisha nakala mbili za rekodi ileile kabla hujaandika lolote. Pia usizisikilizie kwenye matatu ya Jogoo Road. Pakua nyumbani, bando ikiruhusu, uvae vipokea sauti vya masikioni, la sivyo hutasikia besi, na besi ndiyo itakayokuambia wimbo unatembea au unacheza.

Halafu ndiyo uende kwa Armstrong, na hapa usiwe na haraka.

Aliurekodi Desemba 1963, kabla tamthilia haijafunguliwa, kwa nia ya kuitangaza tu. Inasimuliwa kwamba baadaye watu walianza kuuomba kwenye maonyesho yake naye ameshausahau, ikabidi bendi iutafute upya ili iujifunze. Mei 1964 ukafika namba moja Marekani, ukawaondoa Beatles waliokuwa wameikalia nafasi hiyo kwa wiki 14 mfululizo kwa nyimbo tatu zilizopokezana. Mzee wa miaka sitini na kitu, na bendi ndogo ya jazi, akiwatoa vijana wa Liverpool kileleni! Wimbo huo ukawapa tuzo za Grammy yeye na Herman.

Sikiliza alichofanya. Banjo, chombo cha nyuzi jamaa ya gitaa, inatangulia. Hakuna okestra wala wahudumu, na ule mwanzo wa Dolly wa kusalimu majina haupo kabisa. Armstrong ameichukua sehemu ya kundi zima akaifanya ya mtu mmoja, kisha akajitambulisha ndani ya wimbo kwa jina lake. Lisikilize jina hilo vizuri: analitamka "Luwis", akiigonga ile "s" ya mwisho, si "Lui" kama watangazaji wengi walivyozoea kumwita. Kisha zima sauti ya dunia nzima usikilize anavyoyaweka maneno. Mapigo ya bendi yanakwenda sawasawa, ila yeye anachelewa kidogo nyuma ya pigo, anakata neno mapema, anaacha nafasi. Baada ya kuimba anachukua tarumbeta, na tarumbeta inaendelea na mazungumzo yaleyale. Anarudi kuimba, amemaliza. Haifiki dakika tatu.

Zoezi la kujaribu: piga makofi kwenye pigo la pili na la nne huku rekodi ikienda, bila kuimba. Waimbaji wetu wa kwaya, kwa mazoea ya nyimbo za kitabuni, hupiga la kwanza na la tatu. Mpaka makofi yakae mahali pake, usiwaruhusu kufungua kinywa. Nimeona zoezi hili likifanya kazi hata siku ambayo stima imepotea na kinanda cha umeme kimenyamaza.

Na yule kijana wa tena atakuja tu: "Mwalimu, niimbe kama Louis." Mwambie aige kuchelewa, asiige mkwaruzo. Mkwaruzo ule ni koo la mtu mmoja tu. Ukiulazimisha kwa mazoezi ya Jumamosi nzima, Jumapili hana sauti ya kuimbia ibada.

Ukiwa na muda, pitia nyingine kwa haraka zaidi. Ella Fitzgerald aliuimba mwaka huohuo wa 1964, na kwake utajifunza namna ya kuuweka wimbo safi bila kuuvua uchangamfu. Frank Sinatra aliurekodi na bendi ya Count Basie, mpango wa vyombo ukiwa wa Quincy Jones, akaigeuza salamu ikawa ya kumwamkia Armstrong mwenyewe. Ni ya kufurahisha, ila haikusaidii sana kama huna safu ya tarumbeta na tromboni. Mwaka uleule Channing aliimba "Hello, Lyndon!" kumpigia debe Rais Johnson kwenye mkutano wa chama chake, jambo ambalo halitamshangaza yeyote aliyekuwa Nairobi mwaka 2002 "Unbwogable" ilipogeuka wimbo wa kampeni.

Ninayoipenda kuliko zote kwa matumizi ya hapa kwetu ni ya Pearl Bailey. Mwaka 1967 tamthilia ilipewa waigizaji wote weusi, Bailey akiwa Dolly na Cab Calloway akiwa Horace Vandergelder, yule tajiri ambaye Dolly anataka kuolewa naye, na rekodi yao ipo. Bailey anaimba kama anayeongea. Umbo la jukwaani limebaki, wahudumu wapo, majibizano yapo, lakini midundo imelegea vya kutosha kwa mtu aliyekua akisikiliza rumba na benga kuingia bila kujikaza. Kama utawasikilizisha waimbaji wako rekodi moja tu, iwe hiyo.

Filamu ya 1969 utaulizwa habari zake kwa hakika, kwa kuwa ndiyo walioiona wengi. Streisand anaimba kwa sauti pana, okestra ni kubwa, kisha katikati Armstrong anatokea akiongoza bendi ya mkahawa na wanaimba pamoja. Itazame, ufurahi, uifunge. Ukiichukua kama kielelezo utajikuta unadai kutoka kwa watu 18 na kinanda kimoja kile ambacho studio ya Hollywood ilipata kwa okestra nzima. Rekodi ya Bette Midler, aliyekuwa Dolly tamthilia iliporudishwa Broadway mwaka 2017, inafaa zaidi kwa kazi, maana inafuata umbo la jukwaani na imerekodiwa kwa usafi wa sasa, kwa hiyo ukitaka kunasa sehemu za sauti za wahudumu utazisikia bila kukisia.

Sasa uamue. Ukiwa na wanaume wasiopungua wanane wanaoshika sauti zao, fuata umbo la jukwaani. Wengi wetu hatuna. Waimbaji wa tena ni adimu Nairobi, na aliyepo anaimba kwaya tatu. Basi wafanye wahudumu wawe mchanganyiko, alto wakiishika sauti ya tena mahali ilipo, na ufunguo uuchague kwa kufuata noti ya chini kabisa ya Dolly wako, si ya juu. Kama huna Dolly lakini una mwimbaji mmoja mwenye mzaha na mpiga tarumbeta wa bendi ya shule, chukua njia ya Armstrong, fupi, bila ngazi. Usichanganye mbili hizo, yaani kuanza na majina ya wahudumu kisha kuruka kwenye banjo, kwa sababu msikilizaji hatajua tena nani amerudi na nani anampokea.

Kwa umbo la jukwaani, nenda ukumbini na upime hatua. Muziki wa kushuka ngazi umetungwa kwa ngazi ndefu ya mkahawa. Jukwaa la ukumbi wa kanisa lina vidato vitatu. Dolly wako atafika chini huku kinanda bado kinamtembeza. Ama mwingizeni kutoka mlangoni, apite katikati ya watu akiwasalimu, ama mkate mizunguko ya utangulizi.

Ruhusa usiiache mwisho. Tamthilia yenyewe hutolewa leseni na Concord Theatricals, na kuuvalia wimbo mavazi na kuuigiza ni jambo tofauti na kuuimba tu umesimama kwenye tamasha. Waeleze wazi unachotaka kufanya, kwa tarehe na ukubwa wa ukumbi, kabla hujachapisha tiketi.