Namna ya Kuendesha Kikundi Ili Dhana za Watu Zisiwanyamazishe Wanakikundi

Huku Rungwe na Njombe, kusini mwa nyanda za juu za Tanzania, ambako parachichi aina ya Hass limekuwa zao la biashara, watu wengi huungana katika vikundi vya kuzalisha miche. Huandika katiba, huchagua viongozi na kufungua akaunti benki, lakini ni mara chache wanapojiuliza mapema kila mmoja anamwonaje mwenzake, ingawa jambo hilo ndilo linaloamua nani atasema na nani atakaa kimya. Mtu huingia kikaoni akiwa ameshakadiriwa: huyu ni mwalimu mstaafu, kwa hiyo anajua, huyu ni kijana, kwa hiyo atabeba udongo, yule aliandikwa ili kujaza idadi. Huyatambua makadirio hayo kwa jinsi anavyopewa au kunyimwa nafasi ya kusema, na baada ya vikao vichache huanza kuenenda vilevile alivyokadiriwa. Mwongozo huu ni kwa wenyeviti na makatibu, na msimamo wake ni kwamba mwanakikundi aliye kimya hasaidiwi kwa kuhimizwa azungumze. Anasaidiwa kwa kubadilisha utaratibu wa kikao unaomnyamazisha.

Tuchukue mfano wa kitalu ambacho miche ya safu za upande wa bondeni imeanza kunyauka. Mwenyekiti anasema mbegu zilikuwa mbaya, wazee wawili wanamuunga mkono, na mazungumzo yanahamia kwenye bei ya mbegu nyingine. Mwanamke anayemwagilia kila asubuhi ameona jambo tofauti: viriba vya safu hizo, yaani mifuko ya plastiki ya kuoteshea miche, havikutobolewa matundu ya kutosha, maji yanatuama, na mche alioung'oa ulikuwa na mizizi myeusi iliyolainika. Mizizi ya parachichi huoza upesi katika udongo usiopitisha maji, kwa hiyo taarifa yake ingetosha kuokoa miche iliyobaki. Hata hivyo baba mkwe wake ameketi mbele yake, na kwa mila ya Wanyakyusa mkamwana hujitenga na baba mkwe wake na hajibizani naye hadharani. Mila hiyo imelegea katika familia nyingi, lakini heshima iliyoizaa bado ina nguvu. Wenzake wanamwona ameinamisha kichwa, wanahitimisha kwamba hana la kusema, na mbegu zinaagizwa.

Hali hiyo haiko kwetu peke yetu. Mwaka 1985 wanasaikolojia wa Marekani, Garold Stasser na William Titus, walionyesha kwamba watu wakijadiliana katika kikundi huelekea kuzungumzia zaidi yale ambayo wote wanayajua tayari, na yale yanayojulikana na mtu mmoja huachwa, hata kama ndiyo yangebadilisha uamuzi. Pale ambapo mtu huyo mmoja ni mdogo kwa umri au kwa cheo, uwezekano wa taarifa yake kupotea ni mkubwa zaidi.

Anza basi na swali lenyewe. Swali la "Nani ana hoja?" huwaalika waliozoea kuwa na hoja. Uliza kwa kufuata kazi: "Wanaomwagilia wameona nini wiki hii? Wanaojaza viriba, je? Wanaobebesha?" (Kubebesha ni kuunganisha kikonyo cha mti wa aina inayotakiwa kwenye shina la mche.) Kila kundi la kazi likutane pembeni kwa dakika chache na kumteua mmoja awasilishe taarifa, bila kutaja nani aliyeona nini. Kwa njia hiyo yule mkamwana anawaeleza wenzake wa umwagiliaji habari ya maji yaliyotuama, mwingine anaisema kikaoni, na hakuna aliyevunja heshima ya nyumba yake. Nauthamini utaratibu huu kuliko mwingine wowote katika mwongozo huu, kwa sababu haumlazimishi mtu kuchagua kati ya kitalu na ukoo.

Kisha shughulikia mpangilio wa wasemaji. Mzee akitangulia kusema, aliye mdogo kwake hawezi kutoa wazo tofauti bila kuonekana anampinga. Usilitatue jambo hili mbele ya watu. Siku moja kabla ya kikao nenda nyumbani kwake, mwamkie ipasavyo, kisha umwombe: "Mzee, tunaomba utusikilize sisi kwanza, halafu wewe utufungie mazungumzo." Wazee wengi hukubali, kwa kuwa kufunga mazungumzo ni nafasi ya heshima, na wanapofika kwenye neno la mwisho wanakuwa wamesikia mengi ambayo wasingeyasikia.

Dhana ya kujaza idadi inahitaji uangalifu wa pekee. Mikopo ya halmashauri hutokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, na kwa sababu hiyo wapo wanaoongezwa kwenye orodha ili kikundi kitimize masharti, kisha wasipewe kazi yoyote. Mwanakikundi mwenye ulemavu wa miguu huambiwa apumzike, na wanaomwambia hivyo hudhani wanamwonea huruma. Mwulizeni yeye mwenyewe kazi anayoitaka. Kubebesha miche hufanyika mtu akiwa ameketi, kwa kisu kikali na mkono uliotulia, na ni kazi ambayo kitalu kizima kinaitegemea.

Hata sifa nzuri inaweza kumfunga mtu. Wapo wanaomkabidhi Mkinga hazina kwa kuwa tu Wakinga wanasifika kwa biashara, ilhali huyo waliyemchagua hapendi hesabu na anaogopa kusema hivyo. Kabla ya kugawa majukumu, katibu azungumze na kila mmoja peke yake: umewahi kufanya kazi gani, unataka kujifunza nini, na ni kazi ipi ambayo hutaki kupewa? Majibu hayo yatangulie sifa za kabila, elimu au umri.

Mtu asipofika kazini, wenzake huona uvivu. Wao wasipofika, husema mvua ilikuwa kubwa. Kuanzia Novemba hadi Mei mvua za huku zinaweza kuifunga barabara ya vumbi kwa siku nzima, na kuna misiba na watoto wanaougua. Kwa hiyo anayepiga simu aanze kwa kuuliza, "Kuna shida gani huko?" na faini ya katiba ifuate baadaye, ikistahili.

Wekeni pia daftari la kazi linalosomwa mbele ya wote. Mwaka 1979 watafiti Michael Ross na Fiore Sicoly waliwauliza wanandoa, kila mmoja peke yake, wanachangia kiasi gani katika shughuli za nyumbani, na kwa wengi jumla ya madai ya wawili ilizidi kazi yote iliyokuwepo. Sababu yake si uongo, bali ni kwamba kila mtu hukumbuka jasho lake kwa urahisi zaidi. Daftari linaloonyesha tarehe, jina na idadi ya viriba vilivyojazwa huzuia manung'uniko ya "nafanya peke yangu" kabla hayajageuka ugomvi.

Kuhusu kundi la WhatsApp, kanuni ni fupi: litumike kwa matangazo, lisitumike kufanyia maamuzi. Mwenye simu ya kitochi hayumo, na asiyejibu huhesabiwa ama amekubali ama amedharau, kumbe hana bando. Vilevile kikao kisiendeshwe kwa Kinyakyusa ikiwa wamo Wasafwa au Wakinga wasiokielewa. Bibi anayejieleza vizuri zaidi kwa lugha ya mama aachiwe aseme kwa lugha yake, na mtu atafsiri.

Ili kujua kama utaratibu umefanya kazi, katibu aongeze safu moja katika muhtasari inayoonyesha kila pendekezo lilitoka kundi gani la kazi, na baada ya vikao vitatu safu hiyo isomwe kikaoni. Ikiwa mapendekezo bado yanatoka kundi lilelile, mwenyekiti amkabidhi makamu wake kikao kinachofuata, naye akae na wanaojaza viriba.