Pima maji na kaboni ya mwembe wako, chupa na uzi vinatosha

Jamani kila ukija mradi wa kupanda miti huku Pemba tunasikia kaboni tu, mti unanyonya kaboni, basi. Maji hayatajwi, wakati vitu hivi viwili havitengani hata kidogo, na sisi watu wa visiwani maji ya kisima chetu ni hii hii mvua inayozama ardhini, hatuna mto unaotoka mlima wa mbali. Mi napima nyumbani hapa Konde, sio mbali na msitu wa Ngezi, na ntakuelekeza ufanye kwako.

Anza na mvua. Tafuta chupa sita za maji za lita moja na nusu, aina moja. Kata kichwa pale chupa inaponyooka, kigeuze juu chini ukirudishe mdomoni kiwe kama faneli. Moja iweke uwanjani mbali na mti, umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa mti wenyewe, mana ikiwa karibu utasoma matone ya majani ukadhani mvua. Tano zitawanye chini ya mwembe, moja shinani, nyengine katikati, nyengine pembezoni, kwani chini ya mti mvua haianguki sawa, pahala inachuruzika kama bomba na pahala pakavu kabisa. Zifunge na vijiti imara, mi zangu za mwanzo zilipinduliwa na mbuzi mvua nzuri ya masika ikanipita hivi hivi na iliniuma sana.

Kila siku saa tatu asubuhi vuta maji kwa bomba la sindano, yale ya duka la dawa, usome mililita. Mdomo wa chupa ukiwa na upana wa sentimita 8, kila mililita 5 ni milimita 1 ya mvua, na milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita mraba ya ardhi. Zile tano jumlisha ugawe kwa tano, halafu toa kwenye ya uwanjani. Kilichopungua ndio maji yaliyobaki juu ya majani yakarudi angani, ukitoa yale yanayoteremka na shina. Utaona mvua ya rasharasha inaishia huko huko juu, lakini ile kubwa inapita.

Sasa hichi ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Chukua mfuko wa mkate, ule wa kuona ndani, uwe mkavu, uvishe tawi lenye majani mengi saa nne hivi jua likiwa kali, kaza mdomo kwa uzi. Baada ya muda mfuko unaingia ukungu, halafu vinatokea vitone vidogo kama jasho la puani, vinaungana, vinateleza mpaka pembe ya chini. Maji hayo yametoka kwenye vitundu vya jani visivyoonekana kwa macho, na vitundu hivyo hivyo ndimo hewa ukaa, yenye hiyo kaboni, inamoingilia. Mlango mmoja. Mti ukifungua ule kaboni maji yanautoka, ukifunga ubane maji kaboni haiingii, ndo mana ukame ukizidi mti hausongi mbele. Tena maji yakigeuka mvuke yanachukua joto, kwahiyo ule ubaridi wa chini ya mwembe sio kivuli peke yake. Uvue mfuko baada ya saa moja, majani yasije yakaungua.

Kuhusu ardhi, toa matako na mfuniko wa kopo la maziwa, ligongomee sentimita 5, mimina nusu lita uhesabu dakika mpaka maji yazame. Fanya chini ya mti na kwenye njia ya ng'ombe. Watu wanabishana mti unaleta maji au unayamaliza, na mi naona wote wana haki. Ulrik Ilstedt na wenzake walitoa utafiti 2016, waliufanya Burkina Faso, wakaona maji yanayofika chini ni mengi zaidi miti ikiwa ya wastani, ikizidi mno inayanywa, ikikosekana ardhi inakuwa ngumu maji yanakimbia juu juu. Kule sio kwetu, ndo mana nakwambia pima.

Kaboni ni ya haraka. Zungusha uzi shinani, mita 1.3 kutoka chini, gawa kwa 3.14 upate upana kwa sentimita. Kwa kanuni ya Jérôme Chave na wenzake ya 2014, zidisha uzito wa mbao kavu kwa kila sentimita ya ujazo (mwembe karibu gramu 0.55) kwa upana mara upana kwa urefu wa mti kwa mita, jibu lipe kipeo cha 0.976, zidisha 0.0673. Mwembe wa mzingo sentimita 157 na urefu mita 15 unatoa kama kilo 1,094 ukiwa mkavu, bila mizizi, mara 0.47 ni kilo 514 za kaboni. Kwa mnazi usiitumie, mnazi haunenepi kama miti mengine.

Mwisho tia mafundo kwenye kamba ya kisima kila nusu mita, kila Ijumaa asubuhi kabla watu hawajateka ishushe uhesabu fundo gani limegusa maji, uandike pembeni ya mvua ya wiki ile.