Namna ya Kupata Masomo ya Ziada ya Kiswidi kwa Familia Iliyohama Uswidi

Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa zenye asili ya Kongo na Burundi, ziliishi Uswidi kwa miaka, zikapata uraia, kisha zikahamia Uingereza au zikarudi Afrika Mashariki. Mtoto aliyeanza shule Göteborg akizungumza Kiswidi na wenzake uwanjani hujikuta katika darasa jipya ambalo hakuna anayekijua, na taratibu anaanza kumjibu mzazi kwa Kiingereza hata akiulizwa kwa Kiswidi. Masomo ya ziada yapo, lakini hayatolewi kwa njia moja, wala si kila familia ina haki sawa ya kuyapata.

Kabla ya kutafuta darasa, amua mtoto anakihitaji Kiswidi kwa kazi gani. Anayetarajiwa kurudi katika shule ya Uswidi baada ya miaka miwili anahitaji kuandika insha na kuelewa maneno ya hisabati na sayansi, ilhali anayetaka kuongea na bibi yake kwa simu anahitaji zaidi mazungumzo na usomaji wa kawaida. Mwandikishe kulingana na lengo hilo, na mweleze mwalimu wazi tangu siku ya kwanza.

Serikali ya Uswidi, kupitia mamlaka ya shule iitwayo Skolverket, hutoa ruzuku kwa masomo haya, ambayo kwa Kiswidi huitwa kompletterande svensk undervisning. Fedha hizo hazikabidhiwi mzazi mmoja mmoja, bali hupewa mwandaaji wa masomo, ambaye mara nyingi ni chama cha wazazi. Kwa kawaida mtoto anapaswa kuwa anasoma katika shule ya nchi anayoishi au shule ya kimataifa, angalau mzazi au mlezi wake mmoja awe raia wa Uswidi, na Kiswidi kiwe lugha hai kati ya mtoto na mzazi katika maisha ya kila siku. Sharti hili la mwisho ndilo linalozigusa familia zetu zaidi, kwa kuwa nyumbani tunazungumza Kiswahili, na mimi nashauri ukweli usemwe bila kupamba. Kama baba huzungumza Kiswidi na watoto wakati wa chakula cha jioni na mama huwasomea kwa Kiswahili, elezeni hivyo hivyo, na someni masharti ya mwaka husika kabla ya kujaza fomu. Mtoto asiyetimiza masharti anaweza kukubaliwa kwa ada kamili, kwa hiyo uliza. Watoto wadogo ambao hawajafikia umri wa shule huwekwa mara nyingi katika vikundi vya michezo na nyimbo vinavyogharimiwa na wazazi wenyewe.

Ili kujua kama kuna darasa karibu nawe, anza na ubalozi wa Uswidi, kisha uulize Kanisa la Uswidi, ambalo lina parokia katika miji mingi ya nje, na SWEA, mtandao wa wanawake wanaozungumza Kiswidi ulioanzishwa Los Angeles mwaka 1979. Fanya hivyo mapema, kwa kuwa mwaka wa masomo wa Uswidi huanza Agosti na mwandaaji hupanga makundi kabla ya hapo. Ukifika darasani, tazama kama watoto wanagawanywa kwa kiwango cha lugha au kwa umri peke yake, na kama wanaandika. Nyimbo za Lucia, sikukuu ya Kiswidi ya tarehe 13 Desemba, humfanya mtoto aipende lugha, lakini hazimfundishi kuandika barua.

Pasipo na darasa, masomo ya mbali hufaa. Sofia Distans ya Stockholm huwahudumia wanafunzi wa Kiswidi walioko nje katika darasa la sita hadi la tisa, na Hermods huendesha masomo ya ngazi ya sekondari ya juu. Angalia saa kabla ya kujisajili: kipindi cha saa kumi jioni Stockholm huwa saa kumi na mbili jioni Nairobi na Dar es Salaam wakati wa majira ya baridi, na saa kumi na moja wakati wa kiangazi, kwa sababu Uswidi hubadilisha saa na sisi hatubadilishi.

Saa chache za darasa kwa wiki hazitoshi kuibeba lugha. Nyumbani shughulikia mambo yanayowatatiza watoto kweli, mojawapo likiwa urefu wa irabu. Mtoto aliyeandika kwamba alikunywa maziwa kwenye »glass« alimaanisha bilauri, ambayo ni »glas«, lakini aliandika aiskrimu. Mwambie atamke maneno yote mawili huku akivuta irabu ya »glas« na kuifupisha ya »glass«, halafu mfanye vivyo hivyo kwa »väg«, barabara, na »vägg«, ukuta. Kwa nomino, Kiswahili kinawasaidia: anayejua ngeli haoni ajabu kwamba Kiswidi kina makundi mawili, »en bil«, gari, na »ett hus«, nyumba, na kwamba alama ya umahususi, yaani ya kitu kinachojulikana tayari, huja mwishoni, »bilen«, gari lile, na »huset«, nyumba ile. Mpangilio wa maneno ni mgumu zaidi, kwa kuwa kitenzi hubaki nafasi ya pili: »Idag går jag«, leo naenda, wala si »Idag jag går«.

Watu wazima wanaoanza wanaweza kutumia kozi ya bure ya intaneti, Learning Swedish, ya Taasisi ya Uswidi, kisha wakafanya mtihani wa Swedex katika viwango vya lugha vya Ulaya vya A2, B1 au B2, au Tisus kama wanataka kusoma chuo kikuu huko. Kwa sauti ya y, weka midomo kama unatamka u lakini ulimi kama unatamka i, na uirudie mbele ya kioo.

Mzazi na mtoto wanaweza pia kusoma pamoja gazeti la 8 Sidor, lenye habari kwa Kiswidi chepesi: chagueni habari moja jioni, mzazi asome kwa sauti, na mtoto amsahihishe matamshi.