Kabla Hujapokea Shairi la Kuagizwa: Kwa Malenga wa Mombasa Mwenye Ajira

Malenga mwenye kazi ya mshahara huishi kwa kalenda mbili, na hapo ndipo wengi hukwama. Ofisi hufuata Januari hadi Disemba. Wanaokuja kukuagiza tungo hufuata mwezi mwandamo. Harusi hurundikana Shaabani kabla ya mfungo, kisha tena Mfunguo Mosi baada ya Idi. Kasida za Maulidi hutakiwa Mfunguo Sita. Miezi hiyo hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hivyo msimu uliokukuta na nafasi mwaka juzi huenda sasa ukaangukia wakati wa kufunga hesabu kazini. Zipandanishe kalenda hizo mapema, utie alama majuma yanayogongana. Sheria ya ajira ya Kenya hukupa likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Zitengee tungo siku 4 au 5, uziombe kabla wenzako hawajaomba. Zilizobaki ni za mke, mume, watoto na wazee wako. Usizimalizie kwenye harusi za watu.

Jua pia uzito wa mzigo kabla hujasema ndiyo. Shairi la tarbia, yaani la mishororo minne kila ubeti, la beti 7 lina mishororo 28, kila mshororo mizani (silabi) 16 katika vipande viwili, kila kipande kikiisha kwa kina. Hiyo ni mizani 448 na vina mahali 56. Kwa mtu anayerudi Magharibi hoi, baada ya foleni ya feri ya Likoni, si kazi ya usiku mmoja. Omba siku 7: 4 za kutunga, beti mbilimbili mpaka zitimie; 1 ya kuliacha lilale; 1 ya kulisoma kwa sauti mbele ya mtu mwenye sikio; 1 ya kurekebisha. Siku ya kulilaza ndiyo watu huiruka, nayo ndiyo hufichua neno ulilolirudia kwenye kina bila kujua.

Uliza majina kwanza, na namna wenyewe wanavyoyatamka. "Mwanaisha na Salimu" hukaa sawasawa kwenye kipande cha mizani 8. Bibi harusi akiwa Mwanamkasi, kipande kimevunjika, kwa sababu ile "m" ya katikati ni mizani kamili: mwa-na-m-ka-si. Jumla yafika 9. Usilimeze jina, mamake atasikia, na atakuwa na haki kuudhika. Lipe kipande chake, "Mwanamkasi bibie", bwana umuweke kinachofuata. Jina likiletwa siku ya mwisho, ubeti mzima hubomoka pamoja na vina vyake.

Malipo yawe nusu kabla ya kuanza na nusu unapokabidhi. Usikubali "tutamalizana harusini", maana siku hiyo hakuna anayeshika simu. Marekebisho yawe mara 2. Ya tatu yana bei yake.

Mwimbaji wa taarabu akitaka maneno yako, amua kwanza kama unamuuzia haki yenyewe au unampa ruhusa ya kuimba tu. Kwa sheria ya Kenya, kuhamisha hakimiliki ya tungo isiyo ya kuagizwa hakutimii mpaka kuwe na maandishi (ya kuagizwa huwa ya aliyeagiza, msipoafikiana vingine), na haki ya tungo hudumu miaka 50 baada ya mtunzi kufariki. Ukisaini ovyo, umeuza na haki ya wanao. Soma na mkataba wako wa kazi: ulichokitunga kwa kutimiza ajira huwa cha mwajiri, isipokuwa mmeafikiana vingine. Shairi lako liandikie daftari lako, saa zako.

La mwisho ni nakala. Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita, yaani Mombasa, aliyefariki 1840, alitungia watu waliohifadhi vifuani. Tulichonacho leo kimetufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua na Mwingereza W. E. Taylor waliyakusanya mashairi hayo zaidi ya miaka 40 baadaye. Wewe kalamu unayo. Kila tungo iandike tarehe, aliyeagiza na malipo, ipige picha, umtumie ndugu mmoja picha hiyo usiku uleule, kabla hujampa mwenyewe.