Jinsi ya Kutembea Chini ya Miamba ya Watamu Maji Yakipwa

Ufuo wa Watamu, kusini mwa Malindi, umekatwakatwa na miamba ya matumbawe inayotenganisha ghuba moja na nyingine, na njia ya kupita chini yake hupatikana tu maji yakiwa yametoka. Kwa hiyo matembezi haya hupangwa kwa kuhesabu mwezi.

Hatua ya kwanza ni kuchagua siku. Bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata. Hapo tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Siku za maji mafu, ambazo bahari haipwi sana, zipishe.

Hatua ya pili ni saa, na hii ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote. Wakati wa bamvua maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi, kisha kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Anza safari mapema, maji yangali yanatoka, na ugeuke mara yanapoanza kurudi, hata kama ghuba ya mbele inakuvutia. Maji hayajai kwa mwendo mmoja: saa ya kwanza huonekana kama yamelala, lakini katika saa ya tatu na ya nne hupanda nusu ya kimo chote, yaani karibu mita 2. Aliyekutwa chini ya mwamba hawezi kuupanda, kwa sababu mawimbi yameula kwa chini hadi sehemu ya juu ikatokeza kama paa, tena lenye ncha zinazochana viganja.

Hatua ya tatu, vaa viatu vya kufunga vyenye soli ngumu. Kandambili huchomoka kwenye vidimbwi.

Hatua ya nne, kanyaga mchanga au mwamba mkavu, uepuke palipoota mwani wa kijani, kwani panateleza, na usikanyage matumbawe hai. Bahari hii imehifadhiwa tangu mwaka 1968, hivyo kombe na simbi ziache zilipo, hata zilizo tupu, maana kaa wadogo huhamia ndani yake. Usitie mkono wala mguu kwenye shimo usiloliona ndani: humo hukaa viumbe weusi wenye miiba mirefu inayokatikia mwilini, na samaki mwenye sumu anayefanana kabisa na jiwe.

Ukichomwa na samaki huyo, tumbukiza mguu katika maji ya moto yanayovumilika, yasiyounguza, huku ukipelekwa hospitali bila kuchelewa.