Seva ya zamani au mpya: namna ya kuchagua cheti cha kusomea

Kijana mmoja alinijia ofisini Msamvu, hapa Morogoro, akiwa amekumbatia kitabu kinene kama matofali mawili. "Shikamoo dada." Marahaba, karibu. Akakiweka mezani: maandalizi ya mtihani namba 70-410, Windows Server 2012, yaani mfumo wa Microsoft wa kuendesha seva, kompyuta inayohudumia nyingine za ofisi. Amekipata kwa wauza vitabu vya mitumba Dar, kimeshapigiwa mistari ya kalamu nyekundu na mwenyewe wa kwanza. Chuo kimoja kilikuwa kimeshamwambia kuwa darasa la MCSA, cheti cha Microsoft cha mafundi wa seva, linaanza mwezi unaofuata, aanze kulipa ada. "Dada, pale ninapojitolea seva ni 2012. Nisomee hiyo, au niruke niende kwenye mpya?"

Swali hili naulizwa mara nyingi mno, na naliheshimu, kwa sababu anayeuliza huwa ana hela ya mtihani mmoja tu. Jibu langu halijabadilika: mtihani fanya wa mfumo mpya, ule wa zamani jifunze kwa mikono kwenye mashine iliyopo. Nitaeleza jinsi ya kulifanya hilo, maana vijana wengi wanaweza kulikubali kisha wasijue waanzie wapi.

Kwanza, jambo la kukuokolea ada. Microsoft ilifunga mitihani yote ya MCSA na ya MCSE, cheti cha ngazi ya juu yake, tarehe 31 Januari 2021. Ile 70-410, 70-411 na 70-412 ya Windows Server 2012, na hata 70-740, 70-741 na 70-742 ya 2016, haifanyiki tena popote duniani. Aliyeipata zamani cheti chake ni halali kama kumbukumbu ya alichojua. Mimi ninacho cha Windows Server 2003, nilifanya mitihani minne, na ninakithamini mpaka leo. Lakini wewe wa leo huwezi kukipata. Kwa hiyo mtu akikuuzia "kozi ya MCSA," muulize swali moja tu kabla hujatoa shilingi: namba ya mtihani ni ipi? Kisha itafute mwenyewe kwenye tovuti ya Microsoft Learn. Usipoiona, hela yako rudi nayo nyumbani.

Sasa chukua daftari. Nenda kwenye kila seva unayoruhusiwa kuigusa, andika amri ya winver, au systeminfo ukitaka maelezo zaidi. Kwenye seva ya Linux, mfumo usio wa Microsoft, fungua faili ya /etc/os-release. Andika safu tatu: toleo, kazi inayofanya, na tarehe ambayo mtengenezaji anaacha kutoa viraka vya usalama, yaani marekebisho ya kuziba mianya. Hizi hapa za Windows, zinakili: Server 2008 na 2008 R2 ziliisha 14 Januari 2020. Server 2012 na 2012 R2 ziliisha 10 Oktoba 2023, na viraka vya kulipia vikawekewa kikomo cha 13 Oktoba 2026. Server 2016 ni 12 Januari 2027. Server 2019 ni 9 Januari 2029. Server 2022 ni 14 Oktoba 2031.

Usiipite hatua hii. Kijana wangu alirudi baada ya siku tatu na karatasi yenye seva nne, si moja. Alikuta 2012 R2 mbili, 2016 moja, na chini ya meza ya mhasibu kompyuta yenye karatasi iliyobandikwa kwa selotepu, "USIZIME", ikiendesha CentOS 7, toleo la Linux ambalo viraka vyake viliisha 30 Juni 2024. Hakuna aliyekuwa anakumbuka nani aliiweka. Karatasi ile ilimwonyesha wazi kuwa mwajiri wake, apende asipende, lazima ahame mfumo ndani ya muda mfupi, na atahitaji mtu anayejua pande zote mbili.

Huko kuhama ndiko kunakonifanya nisiseme kamwe "achana na ya zamani." Mwaka 2022 nilikuwa naongeza seva mpya ya 2019 kwa mteja mmoja, msambazaji wa dawa. Domeni yao, yaani kundi la kompyuta na akaunti zinazosimamiwa pamoja, ilizaliwa 2005 kwenye Server 2003, ikarithiwa na 2008, kisha 2012 R2, kila fundi akiongeza yake juu ya ya mwenzake. Nilianza saa mbili usiku wafanyakazi wameshaondoka. Nikafika hatua ya kuifanya ile mashine mpya iwe domeni kontrola (seva inayosimamia domeni), ikakataa katakata: domeni bado inatumia FRS kunakilisha SYSVOL.

Asiyejua historia angekwama hapo. FRS ni njia ya enzi za Windows 2000 na 2003 ya kunakili folda ya SYSVOL, yaani sera zote za Group Policy na skripti za kuingilia, kutoka domeni kontrola moja kwenda nyingine. Kuanzia 2008 ikaja DFSR, lakini domeni ya zamani haibadiliki yenyewe. Lazima mtu aihamishe. Server 2016 ilivumilia. Server 2019 haivumilii. Dawa yake ni amri ya dfsrmig, na unapanda ngazi tatu: dfsrmig /setglobalstate 1, kisha 2, kisha 3. Katikati ya kila ngazi unasubiri, unaandika dfsrmig /getmigrationstate mpaka kontrola zote ziseme zimefika. Ngazi ya 1 na ya 2 unaweza kurudi nyuma. Ukishagusa 3 hakuna kurudi, ndiyo maana bakapu huchukuliwa kabla, si baadaye. Nilimaliza saa tisa alfajiri. Kilichonisaidia usiku ule ni yale niliyosoma kwa ajili ya cheti ambacho kilishafungwa.

Basi ya zamani isome hivi, bila kulipia mtihani. Mwombe bosi ruhusa, kwa maandishi, ya kutengeneza nakala ya seva moja ya zamani. Kuna kiprogramu cha bure cha Sysinternals kinaitwa Disk2vhd, kinageuza diski ya mashine halisi kuwa faili ya VHD ambayo utaiwasha ndani ya Hyper-V, programu ya Microsoft ya kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta. Nakala hiyo usiiunganishe na mtandao wa kazini, hasa kama ni domeni kontrola. Ikiamka na kuanza kuzungumza na wenzake ilhali kumbukumbu zake ni za wiki iliyopita, utavuruga domeni nzima na utakitafuta chanzo kwa siku kadhaa. Nakala ile ina data za watu pia, kwa hiyo haiondoki ofisini kwa flashi. Ukiwa ndani ya nakala yako, fanya makusudi yale ambayo ungeogopa kuyafanya kazini: hamisha zile nafasi tano za FSMO, majukumu maalumu ya domeni kontrola (netdom query fsmo itakuonyesha ziko wapi), haribu DNS, inayogeuza majina ya mashine kuwa anwani, uitengeneze, panda ngazi za dfsrmig.

Pembeni yake weka mfumo mpya. Microsoft hutoa nakala ya majaribio ya Windows Server ya siku 180, bure na halali. Kompyuta ya mitumba yenye RAM ya GB 16 inabeba mashine pepe tatu bila shida. Tahadhari moja: nakala ya majaribio ukishaifanya domeni kontrola huwezi kuigeuza kuwa ya leseni mpaka uishushe cheo kwanza, kwa hiyo isikushawishi kuitumia kwa kazi ya kweli.

Turudi kwenye mtihani wenyewe. Kama daftari lako lina Active Directory (mfumo unaotunza akaunti na kompyuta za domeni), seva za ofisini, na labda barua pepe zilizohamia Microsoft 365, njia yako ni cheti cha Windows Server Hybrid Administrator Associate, chenye mitihani miwili, AZ-800 na AZ-801. Wa kwanza unashika Active Directory, DNS, mashine pepe na hifadhi, ofisini na kwenye wingu. Wa pili unashika usalama, kujikinga na maafa, na sehemu nzima ya kuhamisha seva za zamani kwenda mpya. Sikia hapo: mtihani wa mfumo mpya unakuuliza namna ya kutoka kwenye wa zamani. Kule kuhangaika na nakala ya 2012 R2 hakupotei.

Kama kampuni imeshahamishia mashine zake Azure, wingu la Microsoft, au nafasi za kazi unazozitaka zinaitaja hiyo, anza na AZ-104, mtihani wa msimamizi wa Azure. Mimi binafsi kwa kijana wa mikoani anayeshika seva zilizo chumbani, namshauri AZ-800 kwanza, kwa sababu anachokisoma usiku atakigusa asubuhi, na kinakaa kichwani. Orodha ya mitihani hubadilika, kwa hiyo fungua ukurasa wa cheti siku ileile unayolipa uone kama umewekewa tarehe ya kufungwa. Vyeti hivi vya ngazi ya Associate vinadumu mwaka mmoja, na kuvihuisha ni bure mtandaoni ndani ya miezi sita ya mwisho. Weka ukumbusho kwenye simu. Nimeona watu wakipoteza cheti cha jasho kwa kusahau tu.

Wa Linux nitawaambia kwa ufupi. RHCSA, cheti cha kampuni ya Red Hat, mtihani wake EX200 hauna maswali ya kuchagua. Unapewa mashine na kazi za kufanya, unahitaji alama 210 kati ya 300, na cheti kinadumu miaka mitatu. LPIC-1, cheti cha Linux kisichofungwa na kampuni moja, ni mitihani miwili, 101 na 102, na kinadumu miaka mitano. Uliyezoea CentOS 7, jizoeze kwenye AlmaLinux au Rocky Linux, ni za bure na ni ndugu wa Red Hat.

Kuhusu zile faili za maswali "yaliyovuja" zinazouzwa kwenye magrupu: naomba usinunue. Mwenye mtihani akikubaini anafuta matokeo na anaweza kukufungia, na siku domeni ikikataa saa tano usiku hakuna swali la kuchagua A mpaka D.

Ukiwa tayari, hakikisha jina kwenye akaunti ya mtihani linalingana na la kitambulisho chako herufi kwa herufi, likiwemo la kati. Na kama mtaani kwenu umeme hautabiriki, usifanyie nyumbani hata kama inaruhusiwa. Safiri uende kituoni, ulale huko siku moja kabla.

Kitabu cha yule kijana sikukitupa. Nilikipitia jioni moja, nikabandika vikaratasi vya njano kwenye sura za DNS, DHCP (ugawaji wa anwani za mtandao) na Group Policy, ambazo ukizisoma leo bado zinakusaidia, nikamrudishia. Ile ada hakuilipa. Jumamosi iliyopita alikuwa hapa hapa mezani, dfsrmig iko ngazi ya 2, anasubiri.