Pedali za gitaa zinavuma? Anza na umeme kabla hujanunua kitu kingine

Jumapili moja hapa Majengo, Moshi, mchungaji alituambia tunyamaze tuombe. Kanisa zima likanyamaza, isipokuwa amplifaya yangu. Mzzzzz. Mama mmoja wa mstari wa mbele akageuka kutafuta nyuki.

Wiki ile nilikuwa nimeshatenga hela ya pedali (kisanduku cha kukanyaga kinachobadili sauti ya gitaa) ya kukata kelele. Bahati nzuri sikuinunua. Pedali ile hufunga mlango wakati hupigi. Ukigusa nyuzi tu, mlango unafunguka na kelele inapita pamoja na muziki. Ugonjwa unabaki palepale.

Hatua ya 1: Mtafute mhusika

Chomeka gitaa moja kwa moja kwenye amplifaya, bila pedali. Ikivuma bado, tatizo ni gitaa, waya au ukumbi wenyewe (gitaa la pikapu, yaani vinasa sauti vya nyuzi, za koili moja likikaribia taa za tyubu huvuma, geuka upande uone). Ikitulia, rudisha pedali moja moja, kila moja kwa betri yake ya volti 9. Kimya kwa betri, kelele kwa adapta? Basi ni umeme.

Isikilize na kelele yenyewe. Mvumo mzito wa chini unatoka kwenye umeme wa ukutani, ambao kwetu huenda mizunguko 50 kwa sekunde. Mluzi mwembamba kama mbu wa usiku mara nyingi hutoka kwenye pedali ya kidijitali au adapta ya bei poa.

Hatua ya 2: Soma maandishi

Pedali nyingi zimeandikwa volti, miliampia, na alama ya hasi na chanya. Nyingi ni volti 9, hasi katikati ya tundu. Usibahatishe. Jumlisha miliampia, kisha adapta iwe na ziada. Overdraivu yangu (pedali ya kukwaruza sauti) inakula kama 10, dilei (ya mwangwi) ya kidijitali 150. Adapta yangu ilikuwa ya 500, yaani inatosha na kubaki, na bado ilivuma! Hapo ndipo nilipoelewa kwamba wingi wa umeme si hoja peke yake.

Hatua ya 3: Zitenganishe

Hapa ndipo penye kazi. Ule waya mmoja wenye vichwa vingi unazifanya pedali zote zinywe kisima kimoja. Dilei ina kichakataji kinachowasha na kuzima umeme mara nyingi mno kwa sekunde, na uchafu wake unarudi kwenye waya. Overdraivu inaupokea na kuukuza, kwani kazi yake ni kukuza. Juu ya hayo, pedali zimeshaungana kwa upande wa hasi kupitia waya za sauti; ukiziunganisha tena kwa waya wa umeme, umetengeneza duara, na duara hilo hunasa mvumo.

Dawa ya bei nafuu ni adapta mbili: moja ya pedali za analogi (zisizo na kichakataji), nyingine ya za kidijitali. Mimi nilianza hivyo na mbu akaondoka siku ileile. Dawa kamili ni kisanduku cha umeme ambacho kila tundu lake limejitenga na mengine.

Ila angalieni, visanduku vingi vina matundu manane na ndani ni kisima kilekile. Kabla ya kulipa, omba multimita (kipimo cha umeme). Kisanduku kikiwa hakijachomekwa popote, weka kwenye mlio wa kupima waya, gusa hasi ya tundu moja na hasi ya tundu jingine. Ikilia pii, yanashirikiana. Rudisha.

Hatua ya 4: Panga waya

Waya wa ukutani usilale sambamba na waya za sauti. Zikilazimika kukutana, zikatane kama msalaba.

Maswali ya wenzetu

*Mwalimu, umeme ukikatika katikati ya harusi, naweza kutumia betri ya gari? (Kijenge, Arusha)*

Unaweza, tena ni safi kabisa. Lakini usiingize volti 12 kwenye pedali ya 9. Mwambie fundi akufungie 7809 (kifaa kidogo cha kushusha umeme hadi volti 9) yenye bati la kupoza joto, na fyuzi ya ampia 1 karibu na betri.

*Na pawabenki je?*

Inatoa volti 5, kwa hiyo utahitaji waya wa kupandisha hadi 9. Mvumo wa ukutani hutausikia, ila kipandishio hicho kinaweza kuleta mluzi. Pia baadhi ya pawabenki hujizima zikiona mzigo mdogo. Usije ukaaibika kwenye solo.

*Fazi yangu (pedali ya sauti ya kukwaruza sana) ya zamani ya transista za jemaniamu ikiingia kwenye mnyororo, zote zinazima. (Pasua)*

Huenda hiyo ni chanya upande wa ardhi (waya wa pamoja), kinyume cha wenzake, kwa hiyo unapiga shoti. Itoe haraka, ipe betri yake.

*Nikishika nyuzi mvumo unapungua. Rafiki yangu ameniambia nivunje pini ya ethi (ya waya wa ardhini) kwenye plagi ya amplifaya. (Rau)*

Usivunje, dada! Waya ule ndio unaokukinga amplifaya ikileta hitilafu, na wewe umeshika nyuzi za chuma. Mvumo wa namna hiyo hauhusu umeme wa pedali. Mara nyingi ni kinga mbovu dhidi ya mvumo ndani ya gitaa au soketi isiyo na ethi. Mwite fundi umeme apime soketi ya ukumbi kwanza. Kwetu Majengo alipoifungua, waya wa kijani ulikuwa unaning'inia tu, haujafungwa popote.